Uso Uliouzwa Mara Moja: Mzee Ojwang' na Hesabu ya Marudio

Mwigizaji mkongwe wa Kenya akilazwa hospitalini, nambari ya paybill ya kumchangia pesa huanza kuzunguka kwenye simu hata kabla watu hawajajua anaugua nini. Mjadala unaofuata huwa ni ule ule, uwe wa Kitengela, wa Ngong au wa ndani ya matatu inayoteremka kuelekea Kimuka. Mmoja huuliza pesa za miaka yote ile zilikwenda wapi. Mwingine huilaumu serikali kwa kuwakumbuka wasanii siku ya mazishi tu. Wa tatu hulilaumu shirika la utangazaji, na wa nne husema uigizaji haujawahi kuwa kazi ya kumlisha mtu, aliyeutegemea alijitakia. Kila mmoja ana mfano wake wa kweli, ndiyo maana mabishano hayaishi: mifano haijibizani, inapishana tu. Kinachokosekana ni swali ambalo mkazi yeyote wa Kajiado huliuliza bila kufundishwa anaposimuliwa habari za shamba: liliuzwa, au lilikodishwa?

Nitalipeleka swali hilo kwenye maisha ya Benson Wanjau, mtu ambaye Wakenya walimjua kama Mzee Ojwang'. Nimemchagua kwa sababu alikuwa mfano kamili wa mwigizaji anayebeba mhusika mmoja maisha yake yote, na kwa sababu kila upande wa mabishano humtaja kana kwamba ni shahidi wake. Hoja yangu ni kwamba thamani ya mwigizaji wa aina hiyo imo katika kurudiwa, ilhali mikataba ya hapa kwetu imekuwa ikimlipa kwa kufanya kazi mara moja. Tofauti hiyo ndiyo iliyozaa umaskini tunaoushangaa. Tabia ya msanii na ukarimu wa serikali ni mambo ya baadaye.

Mkikuyu aliyezeeka akiwa Mjaluo

Wanjau alizaliwa mwaka 1937 na kufariki tarehe 12 Julai 2015 katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, akiwa na umri wa miaka 78. Kwa zaidi ya miaka 30 kati ya hiyo, uso wake ulikuwa mali ya sebule za watu. Alionekana katika vichekesho vya Sauti ya Kenya, shirika lililobadilishwa jina na kuwa KBC mwaka 1989, na kipindi kilichomkita katika kumbukumbu ni Vitimbi, ambamo Mary Khavere aliigiza mkewe, Mama Kayai. Wawili hao waligombana na kupatana kwa ustadi kiasi kwamba watazamaji wengi waliamini kabisa ni mume na mke wa kweli. Waliamini pia kwamba Ojwang' ni Mjaluo. Lafudhi yake ya Kijaluo katika Kiswahili, jinsi alivyovuta silabi na kujitutumua kabla ya kudanganya, ilikuwa kazi ya mtu wa jamii ya Wakikuyu aliyewasikiliza majirani zake kwa sikio la fundi.

Katika darasa la fasihi mhusika kama huyu huitwa mhusika bapa, na wanafunzi huandika neno hilo kana kwamba ni kasoro. Jukwaani mambo ni kinyume. Mhusika anayebadilika hukushangaza mara moja, kisha hadithi yake huisha. Ojwang' hakubadilika, na kutobadilika huko ndiko kulikowafanya watu wamrudie kila wiki. Mtazamaji alijua mzee atajigamba, atasema uongo, atafumaniwa na Mama Kayai, na alisubiri kuona safari hii uongo utachukua njia gani. Ni ubapa uliosukwa kwa makini. Kumfanya mtu yule yule achekeshe katika kipindi cha mia mbili ni kazi ngumu kuliko kumfanya alie katika filamu moja, ingawa tuzo hazipimi hivyo.

Wanjau hakuwa peke yake katika ufundi huu, na hapa ni vyema kuvuka bahari kidogo. William Joseph Shields alizaliwa Dublin, Ireland, mwaka 1888 katika familia ya Kiprotestanti, akawa karani wa serikali, na usiku akaigiza katika ukumbi wa Abbey kwa jina la bandia, Barry Fitzgerald, ili wakubwa wake ofisini wasimsumbue. Aliacha ukarani mwaka 1929, akiwa amekaribia miaka 41. Mwaka 1936 mwongozaji John Ford alimpeleka Hollywood, na huko akawa Mwairishi wa kila filamu iliyohitaji Mwairishi mwenye makunyanzi na maneno mengi. Tuzo yake ya Oscar aliipata kwa kuigiza padri Mkatoliki katika Going My Way ya mwaka 1944, yeye aliyelelewa katika kanisa jingine. Kwa uhusika huo mmoja aliteuliwa kuwania tuzo ya mwigizaji mkuu na ya mwigizaji msaidizi kwa pamoja, jambo lililowafanya waandaaji wabadilishe kanuni zao. Karani Mprotestanti aliyekuwa padri na Mkikuyu aliyekuwa Mjaluo walifanya kazi moja: waliivaa jamii nyingine kwa upendo uliowafanya wenyewe wenye jamii wacheke bila kukasirika. Tofauti yao ilianzia kwa mnunuzi.

Soko la mnunuzi mmoja

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, na miaka miwili baadaye utangazaji wote ukawa chini ya serikali. Mpaka KTN ilipoanza mwaka 1990, mwigizaji wa runinga alikuwa na mahali pamoja pa kupeleka kipaji chake. Asiyeridhika na malipo hakuwa na mlango wa pili wa kubisha, na afisa aliyepanga malipo alilijua hilo. Huhitaji kumtafuta mtu mbaya katika hadithi hii. Soko lenye wauzaji wengi na mnunuzi mmoja hushusha bei lenyewe, kama anavyojua mfugaji aliyewahi kufika mnadani siku ya kiangazi akamkuta mchinjaji mmoja tu.

Kulikuwa na sababu ya pili, ambayo haizungumzwi sana. Vichekesho vya lafudhi viliwafaa wote. Serikali ilipata burudani ya Kiswahili iliyoonyesha makabila yakitaniana badala ya kugombana. Shirika lilipata kipindi cha gharama ndogo: sebule, meza, mlango wa kuingilia, watu watano. Hadhira ilipata ndugu zake kwenye kioo. Lakini urahisi huo huo uliwafanya waandaaji waamini kwamba kilichouzwa kilikuwa utani, na utani ni wa wote. Hawakuona, au hawakulazimika kuona, kwamba kilichowarudisha watu mbele ya runinga kilikuwa mtu mmoja mahususi, sauti yake na muda wake wa kunyamaza kabla ya kujibu. Utani ule ule mdomoni mwa mwingine ungekufa.

Ndipo malipo yakawa ya kufika na kurekodi. Umefika, umerekodiwa, umelipwa, umekwenda. Kipindi kikionyeshwa tena, mwigizaji huwa mtazamaji kama wengine. Leo vipindi vya zamani vya Vitimbi na Vioja Mahakamani vinatazamwa mtandaoni na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa viliporekodiwa, na kila wanapobonyeza, kazi ya mtu aliyekwisha kufa inafanyika upya.

Aliyekula na asiyeweka

Dai la kwanza katika mabishano yetu ni kwamba waigizaji hupata na kufuja. Lina nguvu yake, na anayelipuuza hajitendei haki. Mwaka 2021 mwigizaji aliyejulikana kupitia Tahidi High alijitokeza kuomba msaada, Wakenya wakamchangia kwa wingi, na aliporudi kueleza shida tena baada ya muda mfupi, wengi walihisi wamechezewa. Baada ya kisa hicho imekuwa rahisi kusema kwamba msanii ni mfuko uliotoboka, utie usitie ni mamoja.

Udhaifu wa dai hili ni kwamba linahukumu matumizi bila kutazama namna mapato yanavyokuja. Mwalimu analipwa kila mwezi na anakatwa ya uzeeni kabla hajaigusa. Mwigizaji wa kulipwa kwa kipindi hupata leo, hukosa miezi miwili, hupata tena, na hakatwi chochote kwa ajili ya uzee. Mpe mwalimu yeyote mwenye nidhamu mapato ya mtindo huo kwa miaka 30 uone atakavyofika. Zaidi ya hapo, Wanjau hakujulikana kwa ufujaji. Alijulikana kwa kufika kazini. Macho yalipomsumbua mwanzoni mwa miaka ya 2010, gharama za matibabu zilitoka katika michango ya wananchi. Kama mtu wa nidhamu na mtu asiye na nidhamu wote wanaishia kwenye paybill, basi nidhamu haitoshi kueleza kilichotokea.

Serikali na orodha ya mashujaa

Dai la pili linaitaka serikali iwatunze. Kenya ina Sheria ya Mashujaa ya mwaka 2014, inayotambua mchango wa watu wa nyanja mbalimbali, sanaa ikiwemo, na kuweka utaratibu wa kuwaenzi. Uzuri wa njia hii ni kwamba inamfikia aliyekwisha kuzeeka, ambaye mkataba mpya hauwezi kumsaidia. Inasema pia jambo la kweli: Ojwang' alifanya kazi ya umma. Katika miaka ambayo siasa zilijitahidi kuwatenganisha Wakenya kwa majina yao, yeye aliwakusanya mbele ya kioo kimoja saa ile ile.

Lakini ushujaa ni zawadi, na zawadi huchagua. Nani atakuwemo orodhani? Mhusika mkuu atakumbukwa, ila yule aliyeigiza karani wa mahakama kwa miaka 15 bila jina lake kuandikwa vizuri mwishoni mwa kipindi, huyo hatakumbukwa. Joseph Olita, aliyeigiza Idi Amin katika filamu ya Sharad Patel ya mwaka 1981 na kuitwa tena kuwa Amin katika Mississippi Masala ya mwaka 1991, alifariki mwaka 2014 akiwa anakumbukwa zaidi kwa sura ya dikteta wa nchi jirani kuliko kwa jina lake mwenyewe. Kamati gani ingemwita shujaa mtu aliyekuwa Amin? Hapo ndipo zawadi inapoonyesha mipaka yake. Haki hailazimiki kumpenda anayeidai, ilhali zawadi hulazimika.

Kazi ya mchana, sanaa ya jioni

Dai la nne, kwamba mwigizaji awe na kazi nyingine, lina ushahidi mzuri kuliko inavyokubaliwa. Fitzgerald alibaki karani hadi utu uzima. Oliver Litondo, aliyembeba Kimani Maruge katika The First Grader ya mwaka 2010, alikuwa mwanahabari wa runinga muda mrefu kabla ya filamu hiyo kumzungusha duniani. John Sibi-Okumu, aliyeonekana katika The Constant Gardener ya mwaka 2005, amekuwa mwalimu na mtangazaji. Hawa hawakuiweka sanaa yao rehani.

Njia hii humwokoa mtu mmoja mmoja, wala sitamshauri kijana yeyote wa Kajiado aidharau. Ila huwezi kuigeuza kuwa sera. Kipindi cha kila wiki humla mtu siku za mazoezi na za kurekodi, na uso unaojulikana na nchi nzima hauketi kwa urahisi nyuma ya kaunta ya benki. Tena anayesema sanaa iwe ya jioni anakiri, bila kujua, kwamba shirika linalouza matangazo ya biashara katikati ya kipindi lina haki ya kupata faida ya mchana kutokana na kazi ya jioni ya mtu mwingine. Mwenye kuuza matangazo hajaambiwa atafute kazi nyingine.

Kinachosemwa na ardhi ya Kajiado

Tufike sasa kwenye dai la tatu, la kulilaumu shirika, ambalo kiini chake ni mirabaha, yaani malipo ya kila kazi inapotumiwa tena, na nitalieleza kwa mfano wa hapa. Sheria ya mwaka 1968 iliziunda ranchi za kikundi katika ardhi ya Wamaasai, na baadaye ranchi nyingi za Kajiado zikagawanywa, kila mwanachama akapata hatimiliki yake. Kilichofuata kinaonekana ukitazama pande zote mbili za barabara, kutoka Kitengela hadi chini ya Milima ya Ngong. Wengi waliuza. Bei ilionekana kubwa siku ya kusaini, kwa sababu muuzaji aliilinganisha na bei ya ng'ombe. Mnunuzi aliilinganisha na barabara itakayojengwa. Miaka ilipopita, ekari ikawa ploti nane, na watoto wa muuzaji wakapita kando ya ua wa mawe wakionyeshana mahali zizi lilipokuwa.

Katika kaunti hiyo hiyo kuna mkataba wa namna nyingine. Mradi wa umeme wa upepo wa Kipeto, wenye mitambo 60 na uwezo wa megawati 100, ulisimamishwa juu ya mashamba ambayo wenyewe hawakuyauza. Waliyakodisha, hupokea malipo yanayoendelea, mifugo yao hulisha chini ya mapanga ya mitambo, na amana ya jamii ilitengewa asilimia 5 ya umiliki wa mradi. Sisemi kwamba kila mtu huko ameridhika. Hakuna mkataba wa ardhi Kajiado usio na manung'uniko. Ninachotaka kionekane ni umbo lake. Upepo haukuwa na bei siku mkataba ulipotiwa saini, na hakuna aliyejua hasa utavuma kiasi gani. Badala ya kukisia thamani yote siku moja, pande mbili zilikubaliana kugawana kitakachotokea.

Uso wa mwigizaji wa mhusika mmoja ni kama upepo ule. Siku ya kurekodi kipindi cha kwanza hakuna ajuaye kama Ojwang' atapendwa. Ukimlipa kwa siku hiyo, unamlipa mtu asiyejulikana. Baada ya miaka kumi anayejulikana ni yule yule, ila risiti yake ilikwisha kuandikwa zamani. Mwigizaji mkuu wa filamu moja anaweza kudai bei kubwa mwanzoni kwa kuwa jina lake huuza tiketi. Mwigizaji wa wahusika wa kando hulimbikiza thamani polepole, kipindi kwa kipindi, kama udongo unaobebwa na mvua, na mfumo wa kulipa papo kwa papo humkosa yeye kuliko mwingine yeyote.

Ushahidi mwingine unatoka kwa mtu mmoja aliyefanya kazi zote mbili. Ayub Ogada, kwa jina la Job Seda, aliigiza Kanuthia katika Out of Africa, filamu ya mwaka 1985 iliyoifanya Milima ya Ngong ijulikane hadi kwa watu wasioweza kuionyesha kwenye ramani. Filamu ilishinda tuzo 7 za Oscar, picha bora ikiwa mojawapo. Waafrika ndani yake walikuwa wahusika wa kando karibu wote: mpishi, mtumishi, chifu. Ogada huyo huyo alikuwa mwanamuziki, na wimbo wake Kothbiro ukaja kutumika katika The Constant Gardener, miaka 20 baadaye. Kisheria wimbo una mwenyewe, na kila filamu inayoutaka hubisha hodi upya na kuomba ruhusa. Sura ya Kanuthia haina anayebishiwa hodi. Mtu mmoja, kipaji kimoja, koo lile lile, lakini desturi ya muziki imekubali kwamba kazi huishi baada ya kurekodiwa, na desturi ya uigizaji bado inajifanya kwamba ilikufa studioni.

Sheria inavyosema na inavyonyamaza

Haitakuwa kweli kusema Kenya haina sheria. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamtambua mwigizaji kuwa mwenye haki katika uigizaji wake, na chama cha PRISK kiliundwa kukusanya malipo kwa niaba ya waigizaji na wanamuziki. Kenya pia ilikuwa miongoni mwa nchi 30 za kwanza zilizouwezesha Mkataba wa Beijing wa mwaka 2012 kuhusu uigizaji wa filamu na video kuanza kufanya kazi tarehe 28 Aprili 2020. Kwenye karatasi, Ojwang' ana ulinzi mkubwa kuliko yeye na wenzake wa miaka ya 1980 walivyoweza kuota.

Tatizo limo katika kifungu cha 12 cha mkataba huo. Kinaziruhusu nchi kuamua kwamba mwigizaji akishakubali kurekodiwa, haki zake za kuruhusu matumizi huhamia kwa mtayarishaji. Kisha kinaongeza kwamba sheria au makubaliano yanaweza, pamoja na hayo, kumpa mwigizaji malipo kwa kila matumizi. Neno zito ni lile linaloruhusu. Uhamisho waweza kuja na malipo, na waweza kuja bila malipo. Waliouandika walijua kwamba filamu yenye waigizaji 60, kila mmoja akiwa na uwezo wa kuizuia, haitaonyeshwa popote, na hofu hiyo ni ya haki. Lakini kuondoa uwezo wa kuzuia hakulazimishi kuondoa mgao. Mwenye shamba la Kipeto hawezi kuuzima mtambo kila anapokasirika, na bado analipwa.

Mapingamizi matatu

La kwanza linasema soko letu ni dogo, na shirika lenye madeni halina cha kugawa. Ni kweli kwamba asilimia ya kitu kidogo ni kidogo. Ila hilo ni pingamizi dhidi ya kiwango. Mgao una tabia njema ya kupungua mapato yanapopungua, jambo ambalo mshahara hauna. Mtayarishaji maskini angepaswa kuupenda. Kinachogharimu ni kuweka kumbukumbu: nani alikuwemo katika kipindi gani, kimeonyeshwa mara ngapi. Kwa kanda za zamani kazi hiyo ni ngumu kweli. Kwa video za mtandaoni mashine huhesabu yenyewe kila inapotazamwa, wala haichoki.

La pili linahusu uaminifu. Wasanii wa Kenya wamelalamika kwa miaka kuhusu vyama vya kukusanya mirabaha: malipo ya shilingi chache na gharama za uendeshaji zinazomeza makusanyo. Pingamizi hili nalihesabu kuwa zito kuliko yote, na sioni haja ya kulipamba. Mgao unaopitia mfuko usiokaguliwa ni paybill nyingine iliyovaa suti. Ndiyo sababu kwa vipindi vyenye mtangazaji mmoja anayejulikana, ni bora mgao uandikwe katika mkataba wa moja kwa moja, na chama kibaki na yale matumizi yaliyotawanyika ambayo mtu mmoja hawezi kuyafuatilia.

La tatu linatoka kwa Fitzgerald mwenyewe. Alifariki Januari 1961 bila kuwa ombaomba, na hakuwa amelipwa kwa marudio. Waigizaji wa filamu wa Marekani walipata haki hiyo baada ya mgomo wa mwaka 1960, chama chao kikiongozwa na Ronald Reagan, tena kwa filamu zilizotengenezwa kuanzia mwaka huo. Basi je, mirabaha ni ya lazima? Jibu ni kwamba Fitzgerald aliishi katika mji wenye kampuni kadhaa za filamu zilizoshindania sura yake, na ushindani huo ulimlipa mapema kile ambacho marudio yangemlipa baadaye. Palipo na wanunuzi wengi, bei ya mwanzo inaweza kutosha. Wanjau alikuwa na mnunuzi mmoja, na penye mnunuzi mmoja mgao ndio ngao pekee iliyobaki. Mfano wa Ireland na Hollywood haunipingi, ila umenilazimisha kusema hoja yangu inafanya kazi wapi.

Mzani unapolalia

Tanzania ilionyesha jinsi swali hili linavyoweza kuamka ghafla. Amri Athumani, King Majuto wa Tanga, aliyeanza kuigiza akiwa mtoto na kuwa babu wa vichekesho vya nchi nzima, alipokuwa anaugua mwaka 2018 malalamiko kuhusu mikataba yake ya matangazo ya biashara yalifika kwa waziri wa sanaa wa wakati huo, Harrison Mwakyembe, ambaye aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Majuto alifariki tarehe 8 Agosti mwaka huo huo. Kamati ya kupitia mkataba wa mtu aliye kitandani huchelewa hata ikifanya haraka, lakini angalau safari hiyo swali lilikuwa sahihi: liliacha tabia ya msanii, likaenda kwenye karatasi aliyotia saini.

Nikipima yote, naona kila dai lina nafasi yake, ila si nafasi sawa. Kazi ya pembeni ni busara ya mtu binafsi. Mashujaa na michango ni dawa ya waliokwisha kuumia, na kwao ingefaa kuiga sehemu ya pili ya makubaliano ya Marekani ya mwaka 1960, ambayo hutajwa kwa nadra: kwa filamu za nyuma watayarishaji hawakulipa kila mwigizaji, walitoa kwa mkupuo dola milioni 2.25 kuanzisha mfuko wa pensheni na matibabu. Waigizaji wakongwe wa wakati ule walinung'unika kwamba wameuzwa, na walikuwa na haki ya kunung'unika. Lakini waliokuja baada yao hawakuhitaji kuomba. Kwa wanaoanza leo, wakiwemo vijana wa Kajiado wanaojirekodi kwa simu na kuwapa wengine video zao kwa malipo ya mara moja, mgao uandikwe kabla taa ya kamera haijawaka, hata ukiwa mdogo kiasi cha kuchekesha.

Inabaki hesabu ya Ojwang' mwenyewe, ambayo bado haijafungwa. Mkataba wa Beijing unampa mwigizaji ulinzi wa angalau miaka 50, ikihesabiwa kutoka mwisho wa mwaka aliorekodiwa. Kwa kipimo hicho, kipindi kilichorekodiwa mwaka 1985 kina muda hadi mwisho wa 2035, na cha mwaka 1995 hadi mwisho wa 2045. Kanda zipo, watazamaji wapo, na matangazo ya biashara yanayotangulia video yanaendelea kulipiwa.